Makesha ya Mfuga Farasi

  

Leo, wasikilizaji wangu, nataka tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu tumemwona katika picha na sinema tu, walakini jina lake limeanza kutajwa tena katika vibaraza vya mji wetu wa Dilolo tangu reli ya kwenda Lobito ilipoanza kupata uhai mpya. Nimeulizwa zaidi ya mara moja: je, farasi aweza kufugwa hapa kwetu? Nami huwajibu wanaoniuliza kwa kuwarudishia swali: je, mwataka farasi aletwe, au mwataka farasi azaliwe? Maana kumleta ni kazi ya fedha na behewa. Mwenye fedha atamleta. Kumzalisha, na kuwazalisha watoto wake, na wajukuu wake baada ya hao, ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo nitakalolisemea jioni hii.

Nitaanza mbali kidogo, nanyi mnistahimilie. Mwanachuoni al-Masudi, aliyefariki mwaka 956 na ambaye alisafiri mwenyewe katika bahari ya Zanji, aliandika ya kwamba watu wa pwani hiyo ya mashariki ya bara letu hawana farasi wala nyumbu wala ngamia, na wakienda vitani hupanda ng'ombe, waliotiwa matandiko na hatamu kama ilivyo desturi ya farasi kwingineko. Karne nne baadaye Ibn Battuta alifika Kilwa, mwaka 1331, na katika habari zake za Dhofar, huko Arabuni ya kusini, alieleza jinsi farasi wa asili walivyokuwa wakipakiwa majahazini kupelekwa Bara Hindi. Basi fikirini: majahazi yapo, mabaharia wenye kujua kuwasafirisha farasi baharini wapo, na bandari za Waswahili zina dhahabu na pembe za kununulia chochote kinachouzwa duniani. Kwa nini farasi hakuwa mnyama wa desturi katika nchi zetu hizi? Je, wazee wetu walikosa akili ya kumtaka? Hasha! Mtu hawezi kukaa tajiri Kilwa, akayaona majahazi ya Arabuni, asitamani farasi.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwezi wa Februari mwaka 1854 mzungu David Livingstone, akitoka Linyanti kwenda Luanda pamoja na watu wake wa Kikololo, alipita penye ziwa Dilolo, lile lililoko upande wa Angola na ambalo jina lake na la mji wetu ni moja. Alipita amepanda nini? Amepanda ng'ombe! Ng'ombe huyo jina lake Sindbad, na kwa maelezo ya bwana wake mwenyewe, mgongo wake ulikuwa laini kuliko migongo ya wenziwe, na pembe zake zilikuwa zimelegea zikining'inia, hata hazikuweza kumdhuru mtu. Ila tabia yake ilikuwa mbovu, akipenda kuiacha njia ghafula na kumwangusha mpandaji, na akiisha kumwangusha kumwongezea teke. Karne tisa baada ya al-Masudi, msafiri katika nyanda zetu yungali juu ya ng'ombe. Na hata huyo ng'ombe, walipokuwa wakirejea, aliumwa na mbung'o, akaachwa Naliele, kando ya Zambezi, afe kwa amani, kwa kuwa bwana wake hakuwa na moyo wa kumchinja.

Kisa kingine ni cha msafiri Stanley, nacho chatoka upande wa pwani. Mwaka 1871 alipokuwa akifunga safari ya kumtafuta Livingstone, Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alimtunukia farasi wa Kiarabu wa rangi ya kijivu, naye akawa na farasi wa pili mwekundu. Hawakwenda mbali na Bagamoyo. Walipofika kijiji cha Kingaru yule wa kijivu alikufa. Akapasuliwa, tumbo likaonekana limejaa minyoo, kisha Stanley akaamuru azikwe karibu na kambi. Mzee wa kijiji akaja na dai lake: umemzika mnyama wako katika ardhi yangu bila idhini, basi nilipe doti mbili za nguo. Stanley akamwambia kwamba ikiwa kosa ni kuzika, atamfukua farasi wake, ataufukia udongo mahali pake, na kumwacha mzoga juu ya nchi pale alipofia. Mzee akafikiri harufu itakayokuja, akaona heri ayaache maneno yaishe. Na kabla hazijapita saa nyingi yule farasi wa pili naye akafa. Wengi wakikisoma kisa hiki humcheka mzee wa Kingaru. Mimi naona alikuwa na haki, kwani ardhi ina wenyewe, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kushika jembe.

Basi tumekwisha kuona kwamba farasi alitamaniwa, na alipoletwa hakudumu. Sasa tuulize: ni nani aliyekuwa akimwua?

Maadui ni wengi, lakini nitawataja wawili walio wakubwa, na nawaomba mwashike, maana nitarudi kwao. Adui wa mchana ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, tabibu David Bruce alibainisha ya kuwa maradhi yaliyokuwa yakimaliza mifugo huko yatokana na vidudu vidogo mno vilivyomo damuni, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wavyo. Mnyama hukonda, hupungukiwa na damu, huvimba tumbo na miguu, kisha huanguka. Walakini mbung'o ana ila moja, nayo ni bahati yetu: hupenda vichaka na kivuli, na uwanda ulio wazi humwia mgumu. Ndiyo sababu ng'ombe waliweza kufugwa katika nyanda za juu za Biano, huko juu ya Kolwezi na Lubudi, ilhali katika mabonde ya chini walikuwa wakiteketea.

Adui wa usiku ni mdogo kuliko huyo. Ni usubi, wale wadudu ambao huwezi kuwaona vyema hata mbele ya taa, wanaotuuma masikioni magharibi inapoingia. Usubi huchukua maradhi ambayo kote duniani yameitwa kwa jina la bara letu, maradhi ya farasi ya Afrika. Mwaka uleule Livingstone alipopita Dilolo, yaani 1854, na mwaka uliofuata, maradhi haya yaliwaua farasi wapatao 70,000 katika koloni la Rasi ya Tumaini Jema. Siku hizo hapana aliyejua sababu. Wengine walilaumu umande, na wengine ukungu wa mabondeni. Na ajabu ni kwamba waliolaumu umande hawakuwa mbali na ukweli, kwani saa za umande ndizo saa za usubi. Ila iliwabidi watu wangoje hadi miaka ya 1940 ndipo wataalamu wa Afrika ya Kusini walipothibitisha kwamba mchukuzi ni mdudu huyu. Maradhi yakishika mapafu, farasi ambaye asubuhi alikuwa akila vizuri huonekana jioni akihema kwa shida na povu likimtoka puani, na wanaopona ni wachache sana. Yakishika moyo, mashimo yaliyo juu ya macho huvimba, naye huweza kuchukua siku kadhaa. Na punda milia, ndugu yake farasi, ambaye sisi wa Katanga tungali naye katika hifadhi ya Upemba, huubeba ugonjwa huu damuni mwake wala haumsumbui. Mwenye nchi amezoea. Mgeni ndiye afaye.

Mchana mbung'o, usiku usubi. Mmeshika? Sasa nawauliza ninyi mnaofikiria kununua farasi: mmekwisha kujenga banda?

Nasema banda, wala sisemi zizi. Zizi la miti linamtosha ng'ombe, lakini farasi wa nchi hii ahitaji nyumba iliyojengwa mahali pa juu, mbali na dambo na maji yaliyotuama, yenye milango ifungwayo na madirisha yaliyozibwa kwa wavu wa matundu madogo sana, kwani chandarua chetu cha kawaida kinachozuia mbu hakizuii usubi, ambao hupenya matunduni pasipo kuinamisha kichwa. Aingizwe kabla jua halijatua, wala asitolewe mpaka jua limepanda na umande umekauka. Hivyo kila siku, na hasa katika ile miezi ya mwisho wa masika, Februari na Machi na Aprili, wakati maji yamejaa kila mahali. Fauka ya hayo achanjwe kila mwaka kabla ya mvua. Chanjo hutengenezwa Onderstepoort, karibu na Pretoria, ambako Arnold Theiler aliasisi maabara ya maradhi ya mifugo mwaka 1908. Na kwa jike lenye mimba, mganga wa mifugo aulizwe kwanza, maana si kila chanjo humfaa mwenye mimba. Banda kwanza, ndipo farasi. Nitalirudia neno hili hadi mnichoke: banda kwanza, ndipo farasi.

Hayo ndiyo makesha ya namna ya kwanza, makesha ya hofu. Sasa tuingie katika makesha ya namna ya pili, ambayo kila mfuga farasi duniani huyajua, awe wa Oman au wa Naivasha au wa Uingereza, nayo ni makesha ya kungoja.

Jike la farasi huchukua mimba miezi 11, na huweza kupunguza au kuzidisha majuma mawili na zaidi, hata tarehe uliyoiandika ukutani isiwe na maana yoyote. Kiwele hujaa, misuli iliyo pande mbili za shina la mkia hulegea, na siku moja au mbili kabla ya kuzaa, aghalabu, huonekana katika ncha za chuchu matone yaliyoganda mithili ya nta. Ukiyaona hayo, usilale. Lakini wako majike wanaozaa bila kuonyesha nta, na wako wanaoionyesha kisha wakakufanya ungoje juma zima. Na karibu wote huzaa usiku, katika zile saa za utulivu baina ya saa nne na alfajiri, maana porini mnyama wa kukimbia huchagua kuzaa wakati ambao giza lamsitiri. Fauka ya hayo jike laweza kuyazuia mambo kwa muda likiona kuna watu na kelele.

Nilipata kukesha na mzee mmoja aliyekuwa saisi katika shamba lililokuwa upande wa Lubumbashi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti la baridi lililochakaa na birika ambalo halikuondoka jikoni. Usiku baada ya usiku tulikaa nje ya banda, katika baridi kali ya mwezi wa Juni, tukisikiliza kutafunwa kwa majani. Alinifundisha kusikiliza. Akitafuna, kuna amani. Akinyamaza kutafuna, inuka ukatazame. Usiku mmoja jike lile lilitutazama saa nyingi, nasi tukilitazama, mpaka mzee akasema twende tukachemshe chai. Tulikwenda, tukachemsha, tukanywa kwa haraka, na tuliporudi walikuwa wawili. Mzee hakushangaa hata kidogo. Akanambia kwamba ile chai ilikuwa ni dawa, na kwamba mfugaji asiyejua kuondoka ni mwenye kuchelewesha kazi.

Walakini asidhani mtu kwamba ndivyo ilivyo siku zote! Kuzaa kwa farasi ni jambo la haraka, na hapa wajuzi wa ng'ombe wajihadhari, nasi hapa tuna wajuzi wengi wa ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe aweza kuwa na uchungu saa kadhaa, na mchungaji akawa na wasaa wa kumwita jirani. Jike la farasi, maji yakiisha kupasuka, limepewa nusu saa au pungufu kidogo. Yapasa ionekane miguu miwili ya mbele, mmoja ukitangulia mwingine, na pua juu ya magoti. Ikiwa badala ya ngozi nyeupe kimetokea kifuko chekundu, hapo hapana kungoja mganga wala mkuu wa shamba: kondo limeachana na tumbo kabla ya wakati, na mtoto hana pumzi, kipasuliwe pale pale na mtoto avutwe. Kwa sababu ya dakika hizo chache ndipo mtu hukesha mwezi mzima. Je, ni hasara kukesha usiku mwingi kwa ajili ya dakika zisizozidi thelathini? Waulizeni wale waliolala.

Mtoto akiisha kutoka, wafugaji wana hesabu yao ambayo ni rahisi kukumbuka: kwa muda wa saa moja awe amesimama, kwa muda wa saa mbili awe amenyonya, kwa muda wa saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka. Kitovu kitiwe dawa. Na dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ni lazima yafike tumboni mwake mapema, kwani mwanafarasi huzaliwa hana kinga hata chembe; mtoto wa binadamu hupewa sehemu ya kinga yake akiwa tumboni, lakini huyu huipata katika dang'a peke yake, na baada ya siku moja mlango huo hufungwa, hata akinyonya dang'a ya majike kumi haimfai kitu.

Na furaha iko wapi, mtasema, maana bwana huyu ametutajia maradhi na baridi na kifo? Furaha iko katika ile saa moja ya kusimama. Miguu ya mwanafarasi ni mirefu kupita kiasi, karibu kulingana na miguu atakayokuwa nayo akiwa mkubwa, naye hajui aiweke wapi. Huinua nyuma, akaanguka upande, huinua mbele, akaketi, hukaa akafikiri, hujaribu tena, na mama yake humwita kwa sauti ya chini ambayo hamtolei mtu mwingine awaye yote. Kisha husimama akitetemeka, na jambo la kwanza alifanyalo ni kulitafuta ziwa mahali ambapo halipo, katika kifua cha mama, katika ukuta, katika goti la saisi. Nimewaona wanaume wazima, watu wa migodini wenye mikono migumu, wakishika midomo yao wasicheke kwa sauti. Jioni ya siku ya pili huwa tayari akimzunguka mama yake mbio.

Kisha huja furaha ya polepole, ambayo nadhani ndiyo kubwa: kumtazama mtoto huyo na kuona ndani yake mwendo wa mama na kichwa cha baba, na kuanza kukisia ya mwaka wa tatu, kwani kabla ya hapo hapandwi. Hii ndiyo sababu nawalaumu wale wanaotaka kuanza kwa kununua dume la fahari, lililofungwa nje ya nyumba ili wapitao waulize ni la nani. Dume laweza kuazimwa, laweza kukodiwa. Nasaba ya shamba hukaa kwa majike. Mwenye majike mawili yenye afya na tabia njema ana shamba. Mwenye dume moja ana mapambo.

Basi nijibu swali nililoulizwa. Je, yawezekana katika nyanda zetu? Makaburu waliohamia Humpata, Angola ya kusini, mwaka 1881, walikuwa na farasi wao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wareno waliunda huko Silva Porto, mji uitwao leo Kuito, kikosi cha askari wa farasi, na wanyama wao waliletwa kutoka Afrika ya Kusini na Argentina. Askari hao walizunguka katika nyika za mashariki ya Angola, ambazo ndizo nyika hizi hizi zinazotufikia sisi. Na Lubumbashi wamekuwako farasi wa kupandwa kwa burudani tangu enzi ya Wabelgiji. Kwa hiyo asemaye kwamba farasi hawezi kuishi kwetu, hasemi kweli. Lakini tazameni: jeshi na chama cha matajiri, farasi akifa, hununua mwingine. Mfugaji wa Dilolo hana hazina ya serikali nyuma yake. Kwake farasi mmoja aliyekufa ni miaka minne iliyokufa.

Na kuna hatari moja zaidi ambayo nisingejisamehe kuisahau, maana ni ya kwetu hasa. Mahindi! Sisi watu wa bukari hudhani kwamba mahindi yaliyoshika ukungu, yasiyofaa tena kusagwa, yafaa kwa mifugo. Kuku labda, nguruwe labda, ingawa hata hao siwashauri. Farasi, la! Ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ubongo wake, akaanza kuzunguka na kugonga ukuta kwa kichwa, na dawa hakuna. Wala hawezi kutapika alichokila vibaya, kwa jinsi alivyoumbwa. Apewe majani mazuri, makavu, na maji safi, na mahindi machache yaliyo mazima kama yale unayoyaweka mezani pako.

Naona mwenzangu wa mitambo ananionyesha saa. Mmoja wenu aliniuliza pia juu ya nyumbu, mtoto wa jike la farasi na punda dume, kwamba je, si afadhali yeye, maana punda wa Afrika hustahimili ugonjwa ule wa usubi, na nyumbu amerithi kiasi cha ustahimilivu huo? Swali zuri, nalo lina jibu refu, kwa kuwa nyumbu hazai, na mwenye kutaka nyumbu itambidi bado awe na jike la farasi katika banda. Juma lijalo, wakati kama huu, Mungu akipenda, tutamzungumzia yeye na baba yake punda. Wenye maswali wayalete kwa mlinzi wa mlango wetu, yameandikwa kwa hati isomekayo.